Mume wa Mchezo

Mwanasha, aliyekuwa akijifunza kazi ya kufundisha maigizo mitaani, alifika ukumbi wa Waithaka akakuta mabenchi matupu. Viatu vimemjaa matope mekundu, miguu inamuuma, na kesho mkaguzi anakuja kuamua kama ataajiriwa.

Mlangoni Wanjugu alikuwa akiuza viazi vitamu.

"Dada, waigizaji wangu wako wapi?"

"Wamekukimbia! Wewe mtu wa pwani umemfanya Ephantus mume mlevi wa Mama Waceke kwenye mchezo. Yule ni mama mkwe wake! Huku kwetu mtu na mama mkwe wake hata kukaa benchi moja hawawezi."

Mwanasha akashusha pumzi. Siku alipowagawia nafasi hizo, wawili hao walipoinamisha vichwa, alidhani ni haya ya jukwaani tu. Akajikokota hadi kwa Mama Waceke, akamkuta anachagua maharagwe.

"Shikamoo, mama. Nimekosa, sikuuliza."

"Marahaba. Keti, umechoka. Ephantus atapiga ngoma kule nyuma. Mume nitakuwa mimi. Marehemu mume wangu alivyokuwa akifoka sijasahau. Mke mtafute."

"Nimtoe wapi saa hizi, mama?"

"Kwani wewe huna mdomo?"

Mwanasha akavua viatu, akasogeza ungo wa maharagwe karibu, wakaanza kugombana kama mke na mume.