Kimya cha Chef Basile

Kwa miaka mingi Basile alipanga muziki wa watu wengine. Ukiwa na harusi Uvira, ukataka wimbo wa kanisa ugeuzwe jazi mpaka wazee wavue makoti, ulimwita Chef Basile, kiongozi wa orkestra. Alijua tarumbeta ziingie wapi, saksofoni ijibu nini, na namna ya kumzuia Dieudonné asipige ngoma kama mtu anayefukuza nyoka jikoni. Lakini muziki alioutunga yeye mwenyewe ulikuwa mmoja tu, na haukuwahi kupigwa mpaka mwisho mbele ya watu.

Uliitwa "Asubuhi ya Kalundu". Ndani yake boti inatoka ziwani, inakaribia bandari ya Kalundu, halafu moteri inazimwa na boti inateleza yenyewe hadi ufukweni. Hapo orkestra nzima inanyamaza. Inanyamaza mpaka msikilizaji ahisi maji chini ya kiti chake. Kisha gitaa la besi la Jolie linaanza taratibu, peke yake, na wengine wanalifuata.

Shida ilikuwa Uvira yenyewe. Katika mji huu muziki ukikatika ghafla, kila mtu anajua sababu: umeme umeenda. Walipojaribu kuupiga kwenye harusi, kimya kilipofika wageni wote walipiga yowe moja, "Aaah, courant!", na Claude, shemeji yake Basile, ambaye ndiye aliyetunza jenereta, groupe kama alivyoiita, alitoka mbio akaiwasha. Jenereta ikanguruma, boti ya Basile ikazama. Harusi iliyofuata, Claude alikimbia kwa kasi zaidi.

"Shemeji, ile ilikuwa muziki!" Basile alimlalamikia.

"Muziki gani haina sauti? Watu wakikaa bila courant, ni jina yangu inaharibika, haiko yako."

Sasa Madame Louise alikuwa anavuka mpaka kutoka Bujumbura kuja kuwasikiliza. Alitafuta orkestra moja, pamoja na kiongozi wake, kwa ajili ya tamasha la jazi alilokuwa anaandaa huko. Basile hakujidanganya: nywele zake zilishaanza kuwa nyeupe, na mgeni wa namna hiyo havuki mpaka mara mbili kwa ajili ya mtu mmoja.

Jumapili alasiri ukumbi wa parokia ulijaa. Basile, ambaye hakupenda kabisa kusema mbele ya watu, alishika mikrofoni kwa mikono miwili.

"Bamama na bapapa, katikati ya muziki kutakuwa kimya. Courant itakuwa haijaenda. Narudilia: haijaenda! Mtu asipige kelele, asiwashe simu, asisimame. Zaidi sana shemeji yangu."

Watu walicheka. Claude alikuwa ameketishwa mstari wa mbele, katikati ya mama wawili wanene wa kwaya, mikono juu ya magoti.

"Hata nyumba ianguke," alijibu kwa sauti, "minye sisimame!"

Muziki ukaanza. Tarumbeta zilifungua asubuhi, saksofoni ikaleta upepo, boti ikakaribia, ikakaribia, na Basile akafunga ngumi.

Kimya.

Hakuna aliyekohoa. Hata watoto walitulia. Madame Louise alifumba macho. Basile alikiacha kimya kiteleze hadi ufukweni, kisha akampa Jolie ishara.

Jolie akapiga uzi. Ukalia tik, kama ukucha juu ya kopo. Akapiga tena. Tik. Wote wawili wakatazama kipaza sauti cha gitaa: taa yake nyekundu ilikuwa imezimika. Juu yao feni ilikuwa inamalizia mzunguko wake wa mwisho.

Umeme ulikuwa umeenda kweli.

Ukumbi mzima ulikaa kwa utii. Basile alimtazama Claude, akamwonyesha mlango kwa nyusi. Claude akatabasamu, akatikisa kichwa kama mtu aliyeona mtego. Basile akanyoosha kidole. Claude akakunja mikono kifuani.

"Claude," Basile alinong'ona. "Courant imeenda."

"Haijaenda. Weye mwenyewe ulisema."

"Imeenda kweli, shemeji!"

"Sss!" mmoja wa wale mama alimkemea. "Chef, unatuharibia kimya."

Basile aliweka chini fimbo yake ya kuongozea, akatembea kwa ncha za vidole hadi mlangoni. Watu walimsindikiza kwa macho ya heshima, wakidhani ni sehemu ya muziki.

Jenereta ilikuwa nyuma ya jiko la parokia. Basile hakuwahi kuiwasha maishani. Alivuta kamba, ikakohoa. Akavuta tena, koti lake jeupe likapasuka kwapani. Alikuwa anajikaza kwa mara nyingine aliposikia kitu kutoka ndani.

Alikuwa Dieudonné. Dieudonné yule yule, akigusa ngoma kwa ncha za vidole, laini, kama maji yanayopapasa mbao. Kisha saksofoni ikashuka chini kabisa na kuchukua njia ya besi, na tarumbeta zikaingia pale pale zilipopaswa. Basile alibaki na kamba mkononi. Akiwasha sasa, atafunika kila kitu. Akaiachia. Mkono wake ukapanda wenyewe, akauongoza ukuta wa jiko mpaka sauti ya mwisho.

Makofi yalipolipuka, Madame Louise alitoka kumtafuta.

"Nimesikia orkestra nyingi zikimfuata kiongozi," alisema. "Hii imeingia yenyewe. Uliwafundisha namna gani?"

Basile alijaribu kuficha lile koti. "Nafikiri walichoka kuningoja, Madame."

Madame Louise alicheka mpaka akashika ukuta. "Nawataka Bujumbura, wote."

"Na... kiongozi?"

"Kiongozi zaidi ya wote. Nani mwingine anajua wakati wa kutoka?"

Mara Claude alitokea mbio, jasho likimtiririka, maana Jolie alikuwa amemshika shati na kumwonyesha feni. Alipoona kamba imening'inia, akasimama.

"Shemeji! Unagusa groupe yangu bila kuuliza?" Akainama, akanusa petroli. "Na umeizamisha na essence. Angalia! Mutu mukubwa!"

"Unisamehe, shemeji," alisema Basile, lakini alikuwa anatabasamu kiasi kwamba Claude alikasirika zaidi.