Zimwi Lililokwama Mlangoni

Mwalimu wa maigizo alikuwa ameshashona zimwi lake kwa gunia kuukuu, mwalimu mkuu alipomletea lingine, kazi ya shemeji yake mpamba kumbi za harusi. Lilijazwa sponji, lilikuwa na vichwa vitatu na, Mungu amsamehe, riboni za waridi shingoni.

"Hili ndilo zimwi la kisasa," shemeji alijigamba.

"Linakwenda kula watu au kukata keki?" mwalimu akamuuliza.

Gunia likatupwa stoo.

Siku ya onyesho, binti aliyeigiza zimwi alivishwa mzigo ule, akafika kwenye mlango wa jukwaani, akanasa. Shemeji alimsukuma kwa bega huku akimlaani seremala aliyejenga mlango. Ukumbini watu walishaanza kupiga miluzi.

"Vua," mwalimu akamnong'oneza binti. "Ingia hivyo hivyo ulivyo."

Binti akaingia na sare ya shule, pekupeku, akitambaa kwa miguu na mikono, kichwa kimelala upande mmoja. Hakunguruma. Aliwanusa tu watu wa mstari wa mbele, mmoja mmoja. Watoto walipiga mayowe, na mzee mmoja wa kamati akapandisha miguu kitini.

Baadaye mwalimu mkuu alimkumbatia shemeji yake mbele ya wazazi. "Zimwi lako, shemeji! Mwili ulinisisimka!"

Mwalimu wa maigizo alijua fika kwamba mwalimu mkuu alianza kukoroma mara tu hotuba yake mwenyewe ya ufunguzi ilipokwisha. Akapiga makofi na wengine, polepole, kwa adabu zote.