Kiganja cha Mwisho cha Ami Tofajjul

Uligeuza uso. Usinibishie, nilikuona. Saa kumi na moja jioni sisi wanawake kumi na mmoja tunapanga foleni kwenye lango la kiwanda na kukung'uta pindo za sari mbele ya mlinzi, asije mtu akatoka na kipande cha udi kilichonasa kwenye nguo. Wewe unapita barabarani, unaona, halafu ghafla unakumbuka simu yako. Miaka kumi na tisa unapita. Mwaka wa mafuriko nilikataa kukung'uta, nikafukuzwa, nikasimama nje ya lango lile miezi mitatu peke yangu mpaka wakanirudisha. Ulipita pia, na mwavuli wako ulikuwa wa kijani. Mimi sisahau.

Lakini leo sijakuitia ugomvi huo. Leo nimekuja na shukrani, na shukrani yenyewe inanitia hasira, kwa hiyo nivumilie.

Sisi wa banda la patasi kazi yetu ni kutenga. Unakaa chini, unabana kipande cha mti wa udi kwa vidole vya miguu, unachonga mweupe utoke, ubaki mweusi. Mweusi unalowekwa, unaingia pipani, unachemshwa siku na siku, mafuta yanaelea juu ya maji kama utando. Aliyekuwa akiyavuna ni Ami Tofajjul. Sote tunamwita Ami, ingawa hana undugu na hata mmoja wetu. Miaka arobaini na moja amegusisha kiganja majini na kukipangusa kwenye mdomo wa chupa. Na kila jioni kiganja hicho kilikwanguliwa kwa ubapa wa kisu, hata tone lisiende nyumbani kwake.

Kiwandani kwetu imebaki haki moja ambayo hakuna tajiri aliyethubutu kuipora: mpishi wa mafuta anapostaafu, kiganja cha mwisho hakikwanguliwi. Kilichobaki mkononi ni chake.

Ami alivuna pipa lake la mwisho Jumanne. Imdad, mjukuu wa aliyeanzisha kiwanda, alifungua chupa pale pale, akanusa, akatangaza mbele ya kila mtu kwamba mzee ameloweka kuni mpaka zimeoza, mafuta yananuka zizi, labda wauziwe watu wa vijiti vya kufukizia. Tukamtazama Ami. Huyu ni mtu aliyewahi kumtoa nje mnunuzi kwa sababu alikuja kunusa akiwa amekula kitunguu. Siku hiyo alijifunga shali yake akaondoka.

Jumatano asubuhi akaingia bandani kwetu, ukungu bado umemganda kwenye ndevu. Alikuwa na kichupa kisichozidi ukubwa wa popoo, ndani yake mafuta ya kiganja chake cha mwisho. Akachuchumaa karibu yangu, akaniambia kwa sauti ya chini jambo ambalo hata mkewe hakuwahi kumwambia. Pua yake ilikufa. Ni majira mawili ya baridi sasa, hanusi moshi, hanusi samaki, hanusi kitu. Alikuwa akipika kwa masikio na vidole: anasikiliza pipa linavyonguruma, anapima maji kwa utelezi wake. Kwa hiyo Imdad aliposema yameoza, yeye angebisha kwa kitu gani?

"Nataka kujua tu," alisema. "Kama nimeharibu, niende nyumbani nikijua nimeharibu. Wewe Sahera huna adabu ya kumdanganya mtu. Jipake, uniambie."

Nilikataa. Nikamwambia akauze, anunue dawa ya kifua. Akasema hata akiyauza hatajua, na yeye kinachomnyima usingizi si kifua.

Nikatoa mkono. Na hapa nikiri jambo: sikuwahi kujipaka mafuta ya udi maishani mwangu. Vumbi lake liko kwenye nywele zangu, kwenye wali wangu, kwenye shuka la wanangu. Mafuta yenyewe juu ya ngozi, kamwe. Ami akachovya ncha ya kijiti cha kiberiti, akaigusisha ndani ya kifundo cha mkono wangu, akanionya nisisugue.

Kilichonijia kwanza kilikuwa zizi kweli. Ngozi mbichi, jasho la ng'ombe, uchachu wa maji yaliyolala na kuni ndani yake. Jomila, anayekaa kulia kwangu na ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika, akainama akanusa, akaniuliza, "Dada, ng'ombe wenu kazaa leo?" Banda zima likacheka. Ami naye alicheka, lakini macho yake hayakutoka usoni mwangu.

"Bado, Ami," nilimwambia. "Subiri."

Niliogopa. Mimi niliyewapigia kelele matajiri watatu, nilimwogopa mzee mmoja aliyekaa juu ya gunia akitafuna tambuu na kungoja.

Ilipofika chai ya saa nne zizi lilikuwa limeondoka, na sikuliona likitoka. Ulikuja moshi mwembamba, kisha mti wenyewe, ule mshipa mweusi ninaoufukuzia kwa patasi kila siku, ila sasa umelainika, una utamu wa sukari guru mpya inapochemka majira haya ya baridi. Nikamweleza Ami. Jomila akaukamata mkono wangu, akanusa mara tatu, akasema anasikia iliki. Rohima akasema iliki wapi, ni jalada la msahafu mpya. Wakagombana. Hakuna aliyerudia habari ya ng'ombe.

Adhuhuri utamu ukatulia, ukaja ubaridi safi, kama umeingiza uso ndani ya mtungi mpya wa udongo. Na harufu hiyo ilitoka kwangu, kwenye ngozi hii iliyopasuka kwa baridi na vumbi. Patasi ilikuwa imelala mapajani. Mgongo ulijinyoosha wenyewe. Nilihisi kama mtu aliyefika kwenye karamu ambayo kwa miaka yote alikuwa akisikia vyombo vyake tu.

Ndipo Imdad akaingia na mnunuzi kutoka Kuwait, mtu mzima anayejua Kihindi cha sokoni. Walikuwa wanapita tu kwenda ghalani. Mnunuzi akasimama. Akageuza kichwa huku na huku, akaja mpaka nilipokaa, akaomba radhi, akauliza kama ningeruhusu anuse. Nikanyoosha mkono, naye akainama bila kunigusa, akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha akamwuliza Imdad mafuta haya ni ya nani.

Imdad hakusita hata kidogo. Akasema ni akiba ya babu yake, ya miaka thelathini.

Nikasimama. "Ni ya jana," nilimwambia mgeni. "Mpishi ni huyu, anaitwa Tofajjul Ali."

Imdad akacheka, akamweleza mgeni kwamba huyu mama anapenda siasa. Lakini mnunuzi alikuwa anamtazama Ami. "Kama ni ya jana," alisema, "yakishatulia miaka mitano, bei yake mimi sitaiweza." Akamgeukia mzee, akaweka mkono kifuani mwake mwenyewe kwa heshima, kisha akamfuata Imdad ghalani.

Ami akatema tambuu pembeni, akafuta mdomo kwa shali. Akaniomba nimsimulie tena tangu mwanzo, zizi nalo nisiliache. Nikamsimulia.

"Basi lile pipa nililisikia sawa," alisema.

Aligawa kilichobaki, tone kwa kila mwanamke, wote kumi na mmoja, kichupa kikabaki kitupu. Jioni ile tulipotoka langoni mlinzi alituambia tupite tu, hakutaka tukung'ute. Sote tulinukia; nadhani hakujua angetafuta nini.

Namshukuru mzee yule kuliko ninavyoweza kusema. Miaka kumi na tisa nilijua kazi yangu kwa maumivu ya kiuno peke yake. Alinipa siku moja ya kuijua kwa uzuri wake. Asubuhi iliyofuata shali yangu bado ilikuwa inanukia, nami nikaketi kitandani, nimeishika, nikitaja jina lake.

Sasa nikwambie kilichofuata. Tangu Jumamosi mafuta ya pipa lile yako dirishani mwa duka la Imdad hapo sokoni, kila chupa ina picha ya babu yake. Na kwenye vibanda vya chai bado wanasema Tofajjul alizeeka, akaozesha pipa la mwisho. Umesikia wakisema, ukamalizia chai yako.

Duka linafungwa saa mbili. Acha kusoma. Nenda ukasimame mbele ya kaunta, watu wakiwepo, useme kwa sauti unataka yale aliyoyapika Tofajjul Ali. Wakikwambia hayapo, waoneshe kwa kidole. Usiondoke mpaka wayataje wenyewe kwa jina lake. Nenda sasa hivi.