Jasi Haiamshwi

Kipanga wa jasi alimvunjikia Ibrahimu mkononi. Mdomo ulidondoka kwanza, kisha jicho, kisha kibao kizima kikamomonyoka. Hii ilikuwa awamu ya pili kuharibika, na duka moja la The Pearl, mtaa wa matajiri, lilivitaka vibao ishirini kabla ya Alasiri: vibao vya jasi vyenye picha zilizotokeza, mfano wa zile za kuta za Misri ya kale, ambavyo wageni huvinunua kuwa kumbukumbu ya safari. Bwana Ashrafu, Mmisri mwenye karakana hiyo ya Al Rayyan, alikwisha kusema neno lake. Vikiharibika tena, Ibrahimu atanyang'anywa kibali cha ukaazi na kurejeshwa Unguja, kwa wanawe aliowaambia kwamba fundi wa kuta za Mji Mkongwe hakosi kazi popote.

Lilibaki gunia moja la unga wa jasi. Alikoroga nusu yake, na mchanganyiko ulipoanza kukaza bakulini alifanya kama alivyoifanyia chokaa kwa miaka thelathini: aliongeza maji, akaupiga kwa mwiko mpaka ukalainika.

Kwamboka, Mkenya aliyevipaka rangi vibao hivyo, alisimama mlangoni.

"Mzee, hapo unafanya nini?"

"Naiamsha."

"Jasi haiamshwi. Ikianza kulala, ukiisumbua umeiua. Kumbe ni maiti unaniletea nizipake wanja."

Ibrahimu alilitazama bakuli. Chokaa kadiri ipigwavyo ndivyo ikoleavyo. Kwa hilo aliwahi kuwafukuza wanagenzi wavivu. Siku mbili alililaumu gunia, akakilaumu kiyoyozi. Kumbe ilikuwa mikono yake.

"Sema gunia lililowana stoo," Kwamboka alinong'ona. "Atakuamini."

"Mutai ndiye mtunza stoo. Lawama itamwangukia yeye."

"Mutai ana mdomo, atajitetea."

Bwana Ashrafu aliingia kabla Ibrahimu hajajibu. Aliokota kichwa cha kipanga sakafuni, akakisaga kwa vidole viwili.

"Ni gunia?" aliuliza kwa Kiarabu.

Neno moja tu lingemwokoa.

"Gunia halina kosa, Bwana. Nimeharibu mimi. Nimeifanyia jasi kazi ya chokaa."

"Kitambulisho," Ashrafu alisema, akinyoosha mkono. Ibrahimu akampa kitambulisho chake cha ukaazi.

"Ishirini, kabla ya Alasiri," Ashrafu alisema, akikitia mfukoni. "Visipotimia, nakwenda nacho ofisi ya uhamiaji."

Nusu gunia iliyobaki ingetoa vibao ishirini na kimoja, akibahatika.

"Nifundishe, mwanangu," Ibrahimu alimwambia Kwamboka. Hakupata kumwomba mtu jambo hilo tangu apate ndevu.

"Nyunyiza unga juu ya maji. Uache unywe. Koroga kidogo. Haya, mimina."

Alimimina kwenye kalibu sita. Jasi ilipoanza kukaza, mikono ilimwasha kutaka kuipiga; akaibana nyuma ya mgongo, jasho likimwingia machoni.

Kalibu sita zilipofunguliwa, vipanga watano walikuwa wazima. Wa sita alikuwa na ufa shingoni, mwembamba kama unywele.

"Nikimpaka mkufu hapo, hautaonekana," alisema Kwamboka.

"Atamvunjikia mtu nyumbani kwake."

Akakitupa kibao hicho kwenye ndoo ya vifusi. Sasa unga uliobaki ulitosha vibao kumi na tano tu, na hapakuwa na hata kimoja cha kuharibika. Akachota unga, akaanza kuunyunyiza juu ya maji.