Bi Pasi na Noti za Plastiki

Mtaa mzima ulimwita Bi Pasi, na hakuna aliyemwita hivyo kwa kumkejeli. Mashuka ya nyumba za wageni, makoti ya madaktari, mashati ya mabwana harusi, yote yalipita mikononi mwake yakatoka yanameta. Alikuwa na chumba chake cha udobi nyuma ya nyumba, chenye mabeseni ya bati na meza ndefu ya kupigia pasi. Mtu akimletea shati na kumwambia ni jeupe, yeye hulipeleka dirishani, akageuza kola, akasema, "Hili rangi ya maziwa. Weupe bado." Maringo hayo alikuwa nayo, na nani angemnyima?

Sasa mwanamke huyu alikuwa na jambo moja lililomkaa rohoni tangu usichana wake. Aliona theluji kwenye kalenda ya mteja, mlima mzima mweupe, akauliza ni nani aliyeupaka chokaa. Walipomweleza kwamba weupe ule huanguka wenyewe kutoka juu, alicheka mpaka machozi. Hakuna kitu kinachokuwa cheupe, alisema, bila mtu kuumia mgongo. Lakini usiku alipojinyoosha kitandani aliiona ile kalenda, na moyo ukawa unamwambia nenda.

Mumewe alikuwa dereva wa malori. Alipostaafu na kupewa kiinua mgongo chake, watu wazima wenye akili walimshauri anunue kiwanja. Yeye akarudi nyumbani, akavua kofia, akasema, "Mama Watoto, jiandae. Tunakwenda kuiona theluji yako." Ilikuwa safari ya mara moja maishani, na wote wawili walilijua hilo. Hapakuwa na kiinua mgongo kingine njiani.

Walikwenda pamoja kwenye duka la kubadilisha fedha. Mbele yao kwenye foleni alisimama bwana mmoja aliyeleta noti za kigeni, na keshia akaichambua moja kwa ncha za vidole kama mtu anayetoa nywele kwenye chakula. "Hii ina kunjo, mzee. Siipokei." Bwana akabembeleza, akaapa, akaondoka amenuna. Bi Pasi alilimeza somo lile zima zima: pesa za ugenini hazitaki makunjo.

Zamu yao ilipofika wakapokea fedha za kule wanakokwenda, na hapo Bi Pasi akasahau kufunga mdomo. Hazikuwa za karatasi! Zilikuwa za plastiki, laini, zinateleza, na kila moja ilikuwa na kidirisha kinachopitisha mwanga. Alikiweka jichoni, akamwona mumewe kwa upande wa pili, mdogo, amesimama ndani ya pesa. Alishikwa na bumbuwazi hasa. Watu gani hawa, alijiuliza, ambao wana nafasi ya kuweka dirisha hata kwenye hela?

"Wenzetu wamefika mbali, Baba Watoto."

"Zifiche basi, kabla hawajafika mbali zaidi nazo," alisema mumewe, akiangalia huku na huku.

Akazifunga kwenye kitambaa, kitambaa akakitia kifuani, na hapo zikasafiri juu ya mawingu, zikalaliwa, zikalowa jasho. Walipofika hotelini jioni na kuzifungua, zilikuwa zimejikunja kama majani makavu. Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya treni ya mlimani, na keshokutwa ndege ya kurudi. Tiketi za treni zilikuwa hazijalipwa. Hivi akikutana na keshia kama yule?

Mumewe alikuwa bafuni, ameduwaa mbele ya bomba linalotoa maji ya moto bila kuni. Bi Pasi akafungua kabati kutafuta pa kutundika gauni, na humo ndani akaikuta pasi. Pasi nzuri, nyepesi, mpya. Nani kama yeye? Akatandika taulo mezani, akazipanga noti kwa safu, akafunika kitambaa chenye unyevu, ndivyo afanyavyo suti za mawakili, akakandamiza.

Harufu ndiyo iliyomshtua. Akainua kitambaa.

Noti zilikuwa zimesinyaa. Kila moja ilikuwa imerudi ukubwa wa kiberiti, ngumu, sura ya mtu aliyechorwa juu yake imeminywa mpaka anaonekana mtoto mchanga mwenye ndevu. Na mbili zilikuwa zimegandana zikawa kibonge. Akakaa sakafuni.

Mumewe alitoka na taulo kiunoni, akatazama meza, akamtazama mkewe.

"Umezifanya nini?"

"Nimezipiga pasi."

"Pesa?"

"Zilikuwa na makunjo, Baba Watoto!"

Mzee alikaa kitandani. Bi Pasi alikuwa anamjua mume huyu kwa kelele, si kwa kimya, na kimya kile kilimtisha kuliko hasara yenyewe. Miaka yote ile ya usukani, usingizi wa kando ya barabara, mgongo ule ulioinuliwa mwisho wa kazi, yeye ameuchoma kwa dakika moja.

"Nifokee basi," alisema huku analia.

"Nikikufokea, zitanyooka?"

Asubuhi walijikaza kisabuni wakatoka. Zilibaki noti chache ambazo hazikuonja pasi, za kutosha mkate na chai tu. Mzee alikuwa na akiba mfukoni, pesa za nyumbani, noti zao wenyewe walizozizoea, zile ambazo ukizitoa sokoni kila mtu anageuka. Wakaingia duka la kubadilisha fedha lililokuwa karibu na hoteli. Ukutani palikuwa na ubao unaowaka, wenye bendera za nchi nyingi na viwango vyake pembeni. Wakaanza juu, wakashuka hadi chini. Wakarudi tena juu. Nchi yao haikuwemo.

Msichana wa dirishani aliishika noti yao kwa heshima, akaigeuza, akatabasamu kwa kusikitika, akairudisha. Bi Pasi aliitazama noti ile kiganjani. Jana tu ilikuwa inanunua gunia la sabuni. Leo ilikuwa picha. Hakuna aliyeichana wala kuimwagia maji, imevuka tu mipaka, basi nguvu zote zimeisha. Mwili ulimsisimka. Kumbe hela ni watu kukubaliana tu?

Mzee alizitoa zile zilizosinyaa, kwa aibu, akajaribu lugha ya kigeni aliyoiokota mipakani kwenye malori. Msichana akashika mdomo. Kisha akachukua karatasi, akawachorea njia: nendeni benki kuu ya nchi.

Ilikuwa jumba la mawe lenye dari ya mbali, na sakafu inayong'aa kiasi kwamba Bi Pasi alikanyaga kwa woga, akijua kazi ya aliyeipiga deki. Waliketishwa mbele ya bwana mwenye miwani. Akavaa glovu nyeupe, akazichukua noti moja moja kwa kibano, akaziweka chini ya taa na lenzi kubwa, akasoma tarakimu zake. Hakuwa na haraka hata kidogo. Roho ya Bi Pasi ilikuwa mkononi.

"Anauliza zimepatwa na nini," mzee alimnong'oneza.

Bi Pasi hakusubiri mkalimani. Alisimama, akalowesha kitambaa cha hewani, akakitandaza juu ya meza ya yule bwana, akashika pasi isiyokuwepo, akaisukuma mbele na nyuma kwa ustadi wake wote, kisha akaruka nyuma na kushika kichwa. Bwana wa miwani aliangua kicheko, akavua miwani, akajifuta macho. Akasema maneno marefu.

"Anasema huletewa zilizopita kwenye mashine za kufulia, na zilizosahauliwa kwenye oveni," mzee alitafsiri kwa kuokoteza. "Dobi ni wa kwanza. Anasema zinasomeka. Ni pesa bado."

"Pesa bado? Hizi?"

Yule bwana alihesabu noti mpya mbele yao, akazisukuma. Kile kibonge tu ndicho alichokikataa, akainua mikono kuomba radhi. Bi Pasi hakuweza kuzigusa mara moja. Kwao, noti ikipungua kona, kondakta anakurushia usoni. Hapa wageni wameleta takataka za plastiki, na jumba zima la mawe limesimama juu ya neno lake. Alitamani kumpigia magoti yule bwana, mumewe akamshika kiwiko.

Treni iliwapandisha adhuhuri. Ilipita mashamba, ikapita misitu, ikaingia ukungu, na ilipotoka upande wa pili behewa lote likajaa mwanga. Waliteremka kwenye jukwaa la mbao, na mbele yake ilianza theluji, mteremko mzima, bila mwisho. Watu walirukaruka ndani yake wakirushiana.

Bi Pasi alisimama ukingoni. Alitafuta doa kwa jicho lake la kazi, lile lisilosamehe kola. Alitafuta kwa muda mrefu.

"Shuka basi," mumewe alisema. "Umeifuata mpaka huku."

"Siwezi. Nitaichafua."

"Ni ya kukanyagwa, Mama Watoto. Watazame wenzako."

"Wenzangu hawajawahi kufua."

Mzee alitikisa kichwa, akashuka peke yake na viatu vyake vya safari. Kila hatua iliacha shimo lenye tope la njiani, na Bi Pasi alifumba macho kwa uchungu. Alipoyafumbua, kitu chepesi kilikuwa kimemtua kwenye kope. Kingine kikatua mkononi. Hewa yote ilikuwa inashuka, polepole, bila sauti yoyote, juu ya kofia ya mumewe, juu ya nyayo zake zenye tope. Mashimo yakaanza kujaa. Tope likafifia, likawa kijivu, likatoweka. Hapakuwa na sabuni wala mkono wa mtu.

"Baba Watoto," aliita. "Njoo uone. Inajifua."

Akasimama pale na machozi yanamtiririka, mikono yake iliyokauka kwa magadi ikining'inia haina la kufanya. Kisha akashuka.