Mwanga Uliovuja Uani

"Mara ya mwisho nilikwambia nini?" alisema Mama Mapacha, mikono kiunoni, tepu ya kupimia nguo ikining'inia shingoni. "Nilikwambia mwanga wako umwage kwenye mtaro wako. Sasa angalia! Umepita chini ya uzio, umeingia mpaka jikoni kwangu. Bata hawalali. Kutaga wameacha. Wanazunguka tu uani kama walinzi."

"Jirani, punguza sauti, nina mteja," alijibu fundi kamera. Alikuwa amejikunja ndani ya pikapu na ni miguu yake tu iliyoonekana.

"Mteja wako na asikie! Gauni la bibi harusi limepauka bega moja. Utakwenda kumwambia wewe?"

"Na umeme ulipokatika, nani alikuja hapa na sufuria kuomba mwanga wa kushonea?"

"Niliomba nusu sufuria. Sikuomba mafuriko."

Dereva wa pikapu, mtu mzima mwenye kitambi, alikuwa ameegemea uzio anatafuna karanga. Alikuja kurekebishiwa kamera, lakini kwa ugomvi huu hakuwa na haraka tena.

Kazi ya fundi ilikuwa kurekebisha zile kamera ndogo zinazobandikwa kwenye kioo cha mbele cha gari. Kamera lazima ifundishwe ipime mwanga wapi. Ikipima angani, barabara inakuwa nyeusi kama masizi. Ikipima dashibodi nyeusi, inadhani dunia nzima ina giza, inakodoa jicho, na kila kilicho nje kinaungua kuwa weupe. Kwa hiyo fundi alihamishia kipimo kwenye lami, akaongeza kidogo kwa wanaosafiri kwenye mvua, akapunguza kwa wanaorudi nyumbani jua likiwa usoni. Na kila aliporekebisha, ule mwanga uliozidi ulitoka nyuma ya kamera ukachuruzika kwenye dashibodi hadi kwenye kopo alilotega chini. Wa mchana ulikuwa mwepesi kama maji ya kuoshea mchele. Wa mvua ulikuwa wa kijivu na haukuwa na kazi. Wa jioni ulikuwa mzito, wa dhahabu, na ukishaingia kwenye nguo kuutoa ni shughuli.

Siku hiyo kopo lilijaa, ndoo ikajaa, na bado ulikuwa unakuja. Pikapu ilikuwa ya kampuni ya magodoro, na kamera yake haikuwahi kuguswa na fundi tangu ifungwe.

"Ilikuwa inapima dashibodi muda wote huu," alisema fundi, akijitoa kwenye gari huku viganja vinang'aa. "Kila jioni inaona weupe mtupu. Miaka yote mwanga unajikusanya humu ndani, halafu wa kulaumiwa ni mimi?"

Mama Mapacha alikuwa ameinama kuinua pindo la gauni lake lisilowe, na ndani ya dimbwi la mwanga miguuni pake alimwona mume wake anakwenda na baiskeli.

Alionekana kwa nyuma, kreti ya mikate imefungwa kwenye keria. Alimtambua kwa shati la mistari alilomshonea mwenyewe. Alikuwa pembeni kabisa mwa barabara, upande wake, gurudumu likigusa majani. Akawa anakaribia. Pikapu hii hii iliacha lami, ikamfuata kule kule kwenye majani.

"Kumbe ile kola niliipindisha kiasi kile," alisema Mama Mapacha. "Na alivaa hivyo hivyo. Hakusema kitu."

Fundi alichuchumaa akatazama. "Ni yeye. Na yuko upande wake."

Hayo ndiyo maneno ambayo Mama Mapacha hakuwahi kuyasikia kwa mtu. Polisi waliandika kwamba marehemu aliingia barabarani bila kuangalia. Kampuni ilileta kadi ya kamera, kadi ikaonyesha weupe, na weupe haukumtetea mtu. Tangu hapo, mzazi yeyote mtaani aliyetaka kumwonya mtoto wake kuhusu magari alimtaja Baba Mapacha, tena mapacha wenyewe wakiwa wamesimama hapo hapo. Mama yao hakutaka kitu kingine ila sentensi ile ya polisi ifutwe.

Waliuchota mwanga wakajaza beseni kubwa la kufulia, wakalifunika kwa khanga. Dereva alijitolea kuwapeleka kituo cha polisi. Yeye kazi aliianza juzi juzi tu. Aliyekuwa anaendesha pikapu zamani sasa alikuwa msimamizi wa madereva.

"Mimi sijasema kitu lakini," aliongeza dereva, akatema ganda la karanga dirishani.

Afisa wa zamu alisogeza kikombe chake cha chai, akawaachia nafasi kaunta. Khanga ilipofunuliwa, dari yote ikawa ya dhahabu. Alitazama ndani ya beseni, akarudia, halafu akawaita wenzake wawili, nao wakatazama. Mmoja alisifia shati.

"Ni kweli kabisa, mama," alisema afisa. "Marehemu alikuwa upande wake. Gari ndilo lililomfuata."

"Basi futa pale."

"Shida ni kwamba huu ni wa majimaji."

"Wa nini?"

"Ushahidi wa kumwagika hatupokei. Tutauweka kabati gani? Ungekuwa kwenye kadi, sawa."

"Kwenye kadi kuna weupe," alisema fundi.

"Basi ushahidi ni weupe," alisema afisa kwa upole. Akamshikia Mama Mapacha mlango ili asiumwage.

Njia nzima Mama Mapacha alilipakata beseni. Walipofika alilitua uani kwake, akamgeukia fundi.

"Wewe si fundi? Nitolee hilo gari humo."

Fundi aliuacha mwanga utulie kutwa. Ule wa mwanzo ulizama chini, safi. Ule wa mwisho, ambamo boneti inamfikia mtu, ulielea juu kama utando wa mafuta kwenye mchuzi. Aliuengua kwa kijiko polepole, akautia kwenye chupa, akakaza kifuniko na kuiweka kwenye rafu ya karakana yake. Wateja wakipita mbele ya rafu ile husogea pembeni kidogo bila kujua kwa nini.

Uliobaki Mama Mapacha aliumwaga mwenyewe kati ya geti na mlango wa jikoni. Bata walikwishazoea. Waliingia kuogelea.

Jua lilipokuwa linazama, Baba Mapacha alitokea kwenye dimbwi na baiskeli yake, suruali imelowa dhahabu hadi magotini. Mapacha walipokea kreti wakaanza kugombania nani ashike upande wa mbele.

"Za siku nyingi, jirani?" aliita fundi juu ya uzio.

"Salama tu. Mnyororo huu unataka grisi."

"Ulete kesho."

Kituoni sentensi ilibaki kama ilivyoandikwa. Msimamizi wa madereva alipewa cheti cha uangalifu barabarani, na kamera ya pikapu sasa inaona vizuri jioni, inaona hata majani ya pembeni.

Baba Mapacha aliegemeza baiskeli kwenye geti. Kutoka hapo mpaka mlangoni ni hatua chache, uani hakupiti kitu ila bata. Lakini alisimama. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akatazama kulia tena, kama mtu aliyesoma alichoandikiwa na polisi. Akaanza upya. Majirani walikuwa wanachungulia, na aliona kwamba wanachungulia.

Mama Mapacha alitoka jikoni na mwiko mkononi, akakanyaga mwanga mpaka pale alipokuwa, akamnyoosha kola.

"Hakuna gari, baba watoto," alisema. "Ingia ndani tule."