Bomba Linalotekenya

...na mkono usitoke hapo, mama, hata aje nani, ndivyo fundi wa umeme alivyomwambia kabla ya kurudi bafuni, na yeye akaitikia haya fundi, sasa amesimama ukumbini kama askari wa getini, kiganja juu ya swichi kubwa ya nyumba, imezimwa, anaona wazi imezimwa, na bado anaichungulia tena na tena, maana mle ndani kuna mtu mzima ameingiza mikono ukutani na nyumbani kwake wapo wanaomsubiri arudi, na baba watoto yuko sebuleni anaguna kwamba feni imezimika, joto gani hili, anaweza kuinuka wakati wowote aje aiwashe bila hata kuuliza, ndiyo tabia yake, mkono wake huwa unatangulia akili... walitaka vigae vipya tu, jamani, vigae na sinki, basi, wabandue vile vya kijani vilivyokuwepo tangu wanunue nyumba kwa yule mzee mstaafu, na nyundo ya fundi wa vigae ikatoa kipande cha ukuta karibu na bomba la kuogea, akaitwa huyu wa umeme, naye akaita mama njoo uone, akaona, waya wa zamani, mpira wake umekauka, fundi akiugusa unapukutika kama ganda la kitunguu, na shaba iliyobaki uchi imelalia bomba la maji, imelalia kabisa, fundi akauliza, hapa hapajawahi kuwapiga? na yeye, loo, akacheka, akasema hapana fundi, linatutekenya tu.

Fundi hakucheka. Linatutekenya tu, miaka yote hiyo ndilo lilikuwa jina lake, bomba linalotekenya, mgeni akija anaambiwa vaa ndara ukienda kuoga, bomba letu lina utani, watoto wamekua wanajua kuoga ni kwa ndara kama wanavyojua kula ni kwa kunawa, hata mama mkwe, Mungu amrehemu, alikuwa akilisemesha, we mchokozi leo utaniacha nioge? na nyumba nzima inacheka... mama mkwe, hapana, asifike huko, afikirie vigae, vyeupe au vya rangi ya maziwa, afikirie chochote, lakini akili haishikiki, imeshafika, imeshafungua mlango wa bafu asubuhi ile na kumkuta mama chini, maji ya moto yanamwagika, ndara zake ziko nje ya mlango kwa sababu miguu ilikuwa imevimba haiingii, alikuwa amelalamika tangu jana yake, mwanangu, hizi ndara zinanibana, na daktari akasema moyo umesimama, watu wote wakasema presha, umri, kazi ya Mungu, na ni kweli moyo ulisimama, nani alibisha, ila hakuna aliyeuliza umesimamishwa na nini, jikaze kisabuni, mama, mkono usitoke hapo.

Kutoka bafuni fundi anauliza, sauti inagonga kuta tupu, nani aliunganisha hii hita ya maji? mtu kachukua waya wa taa, mkongwe, akaubebesha hita, wala waya wa kwenda ardhini hakuweka, na yeye mdomo wake ukajibu wenyewe, fundi mmoja wa zamani, akaongopa hivyo hivyo, mchana kweupe, maana aliyeunganisha yuko sebuleni anajipepea na gazeti, aliunganisha mwenyewe, akipiga mluzi, siku ya mapumziko, kwa sababu mama yake analia na maji ya baridi, mama azeeke anaoga maji ya moto, alisema, na mama akamwombea dua pale pale mlangoni, mwanangu ubarikiwe mikono hiyo... atakufa, huyu mwanamume akijua atakufa akiwa amesimama, atakula vipi, atalala vipi, mpaka leo akipita mbele ya picha ya mama yake anapunguza mwendo, basi asijue, fundi auvute waya, aufukie, vigae vije juu yake, mimi nibebe peke yangu, nimeshabeba mangapi mimi.

"Mama, niuvute sasa, au mzee aje aone kwanza? Nikishauvuta hakuna atakachoona."

Uvute, neno liko ulimini, uvute fundi, litoke tu, lakini fundi anaendelea kusema, taratibu, kama anayejisemea, kwamba huyo fundi wa zamani kama wanamfahamu wamtafute, maana mtu akizoea kuunganisha hivi haunganishi mara moja... na hapo akakumbuka, wifi, Mungu wangu, wifi, dada wa mumewe, baada ya msiba alisema na mimi nataka hita kama ya mama, na kaka yake akaenda akamfungia, nyumba kuukuu kama hii, mluzi ule ule, na juzi tu kwenye simu wifi alikuwa anacheka, wifi yangu, bomba lako limehamia kwangu, na la kwangu sasa linatekenya, mtoto hataki kuoga anasema linamng'ata, wakacheka wote wawili, mtoto wa watu hataki kuoga wakamcheka, na saa hizi huyo mtoto anarudi kutoka shule na vumbi lake, anaingizwa bafuni kwa nguvu, miguu mitupu, na yeye hapa anaogopa kuliko hata mtoto mwenyewe, simu yake iko jikoni na mkono hautoki hapa, kuna mtu ndani ya ukuta, ni lazima apige yule wa sebuleni, yule yule, hakuna mwingine, na akipiga atauliza kwa nini, na swali hilo likishaulizwa halina pa kuishia ila kwa mama.

"Fundi, usiuvute kwanza," akasema, kisha akageuza uso kuelekea sebuleni. "Baba watoto. Mpigie dada yako. Mwambie yeye na mtoto wasiguse bomba la bafuni."

Gazeti likaacha kupepea. "Bomba lina nini?"

Swichi bado iko chini ya kiganja chake, imezimwa.

"Mpigie kwanza," akasema. "Halafu njoo huku."